Karata za Mtu Mmoja na Maji ya Mbwaa

Msomaji akisikia neno karata, fikira zake hukimbilia barazani: mkeka, wanaume wanne, na yamkini fedha zimefichwa chini ya sahani. Mchezo niliokwenda kuujaribu Embu na Meru hauna mkeka wala fedha, na wala hauna mpinzani. Mchezaji huketi peke yake na karata 52, kalamu na daftari. Hufunua karata moja, husoma swali lake katika kijitabu, kisha huandika jawabu. Jawabu likipandana na jawabu, hatimaye nchi nzima huwa imepatikana daftarini: mito yake, vyakula vyake, sheria zake na ugomvi wake.

Michezo ya jamii hii imeenea Ulaya na Marekani. Uko mmoja uitwao The Quiet Year, wa Avery Alder, uliotoka mwaka 2013, ambao kila karata ni wiki moja katika mwaka wa kijiji. Mwingine, The Wretched wa Chris Bissette, ulitoka mwaka 2020, na mchezaji wake huwa pekee. Walakini sisi wenye Kiswahili hatuna haja ya kushangaa. Marehemu Shaaban Robert alitubunia Kusadikika mwaka 1951, nchi ielekeayo angani, akapeleka wajumbe pande zote za ulimwengu wasiorudi na heri. Alitumia kalamu tu, bila karata.

Mwenye mchezo wangu ni kijana wa Meru, mwalimu, afundishaye Embu. Alinitumia rasimu na kunialika, kwani alitaka mtu wa pwani aujaribu kabla haujapigwa chapa. Kwa nini mtu wa pwani, hilo nitalieleza.

Mambo mawili tuliyamaliza hata kabla ya chai. Kijitabu chake kilianza kwa maneno "Umba dunia yako." Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu Muumba ni Mmoja. Andika buni." Akaandika palepale. La pili ni dadu. Rasimu ilitaka mchezaji arushe dadu ili ajue mavuno ya mwaka, nami nikamweleza kwamba Waislamu wengi hawataigusa, na sababu yake wanaijua tangu chuoni. Tukakubaliana kwamba namba iliyoko juu ya karata yenyewe itafanya kazi hiyo. Ama kuhusu karata, wanazuoni wamesema mengi, na kila msomaji ana imamu wake wa kumwuliza. Mimi nasema tu kwamba hapa hapana dau, hapana wa kushinda wala wa kuliwa. Lenye hatari zaidi ni kupitiwa na wakati wa sala, maana kuandika kunanoga.

Alicheka aliposikia nikizitaja karata kwa majina yetu, kopa, uru, pau na shupaza, maneno tuliyoachiwa na Wareno pamoja na Ngome ya Mombasa. Katika mchezo wake kopa huuliza habari za watu, uru habari za mali na chakula, pau habari za kazi na magomvi, na shupaza habari za hatari. Akifunuka mfalme wa shupaza, mchezo umekwisha.

Usiku wa kwanza, mjini Embu, baridi ya Mlima Kenya ikiingia chini ya mlango, mfalme huyo alinitokea katika karata ya tisa. Nchi yangu ilikuwa bado haina hata soko! Hapo ndipo faida ya kujaribu ionekanapo. Ukichanganya karata zote 52, mfalme aweza kuwa wa kwanza au wa mwisho, bahati nasibu. Dawa tuliiazima kwa Avery Alder: kila jamii ya karata ichanganywe peke yake, kisha zipangwe kopa chini ya mkono wa kwanza, halafu uru, pau, na shupaza mwisho. Kwa mpango huo zapita karata 39 kabla ya shupaza kuanza, na mchezo hauwezi kwisha kabla ya karata ya 40. Usiku wa pili niliandika kurasa 22.

Embu walinifunza jambo jingine. Mzee mmoja aliyetusikiliza alisema kwamba hadithi iliyomo katika karata zile si yao. Wao hujihesabu wa Mwenendega, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes, na hawana haja ya kuvushwa bahari. Mwalimu akainamisha kichwa akaandika. Naona mzee alikuwa na haki. Watu wa mlima mmoja si lazima wawe na mwanzo mmoja.

Tukashika njia ya Runyenjes na Chuka, tukapita daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia na kuua watu zaidi ya 30, Mungu awarehemu. Hata tukafika Meru.

Hadithi yenyewe ni hii. Wameru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, ambako walitawaliwa na watu waitwao Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Watawala hao waliwadai yasiyowezekana: mbwa mwenye pembe, kiatu chenye manyoya pande zote mbili, mkuki utakaofika mbinguni. Wakakimbia usiku chini ya Koomenjoe, na maji yakawapisha. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka wakawa Njeru, weupe. Msomaji atamkumbuka Nabii Musa, na wako wasemao kwamba mafunzo ya wamisionari yameichovya hadithi hii. Lakini Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyeandika masimulizi ya wazee katika kitabu cha mwaka 1993, aliifananisha Mbwaa na Manda, kisiwa kile kile chenye magofu ya Takwa, ambako leo ndege za Lamu hutua. Wengine hawakubali.

Basi msomaji amekwisha kuona kwa nini alitakiwa mtu wa pwani.

Karata ya mwisho iliuliza: "Maji yanapwa. Nani anavuka?" Mwalimu amekulia mlimani, kwake maji kupisha ni muujiza mmoja. Kwetu maji hupwa mara mbili kila siku. Nikachora katika daftari: wakati wa bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne usiku, na tena saa nne asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Njiru wamepita, Njeru wamepita. Lakini alfajiri ya saa kumi, maji yamejaa pomoni! Ntune walivukaje? Nikaandika kwamba wengine walipata mitumbwi, na wengine walikaa ufuoni na watoto wao wakingoja, mpaka Nguo Nyekundu wakaamka.

Mwalimu alisoma akanyamaza kitambo. "Kwa hiyo, mzee, waliobaki ni akina nani?"

Nikamwambia kwamba hilo ndilo swali la mchezo wake. Rasimu iliwapa Nguo Nyekundu karata sita, na katika zote sita ni kuamrisha tu. Sikumwomba awasafishe. Utumwa ulikuwako pwani yetu; Zanzibar uliondolewa katika sheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wajukuu wa pande zote mbili wa hai. Nilichomwomba ni kwamba mji wa watawala nao uwe na jikoni, uwe na mlango wa nyuma, na mtu wa kuufungua. Na waliobakia ufuoni wapate karata yao.

Tulimpelekea mzee mmoja wa Meru mjini, baada ya Adhuhuri, mimi nikitoka msikitini. Alisomewa yote kwa Kimeru. Karata ya jikoni aliikubali bila neno. Ya ufuoni aliirudisha.

"Hilo hatukuambiwa," alisema. "Waliovuka tunawajua kwa koo zao. Hao wako hawana koo."

"Ndiyo sababu wanaulizwa, mzee," mwalimu akasema.

"Basi waulize wao. Usiniulize mimi."

Walizozana hata Alasiri, kijana akitumia adabu zote. Mwisho mzee alitoa ruhusa kwamba karata ile ichapwe, lakini kwa rangi nyingine, na maneno ya juu yaseme kwamba ni ya mchezaji wala si ya wazee. Mwalimu hajaridhika, anasema karata yenye rangi yake itajulikana kabla haijafunuliwa, na mchezo utaharibika. Kwa sasa amechapa mafungu mawili, moja lenye karata ya rangi na moja lisilo nayo, na ameniachia yote mawili niyapeleke Lamu wakati wa bamvua ijayo.