Skizofrenia: Mizigo midogo mingi kwenye damu ya ukoo

KATIKA miji ya mpakani kama Busia na Malaba, kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, swali la kwanza huwa ni nani kamroga. La pili huja siku ya posa: ugonjwa huo uko kwenye ukoo?

Swali hili la pili lina msingi, ila jibu lake si lile ambalo washenga hulitarajia. Katika watu 100, takriban mmoja huugua skizofrenia maishani. Mzazi mmoja akiwa nayo, kwa mtoto hatari hufika kama 10 kati ya 100. Yaani wengi hawaugui. Hata pacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, zaidi ya nusu ya wakati mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima.

Hakuna jeni moja ya wazimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulibaini maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika, na karibu kila moja huongeza hatari kidogo tu, kama gunia linalojazwa kwa vibaba.

Linaloeleweka zaidi ni jeni iitwayo C4, iliyofafanuliwa mwaka 2016. Kazi yake inayojulikana ni kuwatia alama vijidudu ili kinga ya mwili iwaangamize. Kwenye ubongo, hutia alama viungio vya seli za neva vinavyotakiwa kupunguzwa, kazi ambayo huendelea sana katika ujana. Wenye aina ya C4 inayofanya kazi kwa wingi wana hatari zaidi. Inadhaniwa kwao upogoaji hupita kiasi. Huenda ndiyo sababu maradhi haya hupenda kuanza kati ya miaka ya mwisho ya shule na ile ya kwanza ya kujitegemea.

Dosari ni kwamba sampuli nyingi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Ndiyo maana vyuo vikuu vya Makerere, Moi, Addis Ababa na Cape Town viliungana katika mradi wa NeuroGAP, kukusanya mate ya maelfu ya wagonjwa na watu wazima wa afya.

Kipimo cha mate cha kumchagulia mtu mchumba hakipo. Dawa zipo: nyingi hupunguza nguvu za dopamini ubongoni, na anayezikatiza ghafla, hata kwa wiki chache za safari ya mzigo, huweza kurudiwa na sauti zilezile.