KUTUNZA FILAMU NA KANDA ZA ZAMANI: KWA NINI WAMEAMUA KUWALIPA WANAOJIFUNZA

Leo tuongelee kazi ambayo shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia, na nadhani hata wewe hukutajiwa. Ni kazi ya kutunza filamu, video na sauti za zamani zisioze. Marekani kazi hii inasomewa mpaka digrii ya pili, na kwa miaka kadhaa sasa kumekuwa na nafasi maalum za kujifunza huku unalipwa, zikiwalenga watu ambao kwa kawaida hawaonekani kwenye kazi hiyo: weusi, wenyeji asilia wa Marekani, Walatino, wenye asili ya Asia na wengine. Kuna wanaoziona kama huruma tu, eti watu wanabebwa. Mimi naona ni suala la nani anaamua kitu gani kibaki na kitu gani kitupwe.

Chukua mfano huu. Mwaka 1969 pale Harlem, New York, kulikuwa na tamasha la muziki la bure lililoitwa Harlem Cultural Festival. Stevie Wonder alikuwepo, Nina Simone, Mahalia Jackson, B.B. King, Sly and the Family Stone, hata Hugh Masekela wetu wa Afrika Kusini alipanda jukwaani. Mtayarishaji mmoja anaitwa Hal Tulchin alirekodi kama saa 40 za video. Kiangazi hicho hicho, nje ya jiji, kukawa na tamasha la Woodstock. Sinema ya Woodstock ikatoka 1970 na mwaka uliofuata ikapata Oscar. Ya Harlem je? Kimya. Karibu miaka 50 hakuna aliyeitolea sinema, mpaka Questlove alipotengeneza Summer of Soul iliyotoka 2021, nayo mwaka 2022 ikachukua Oscar ile ile ya filamu za hali halisi. Muziki wa kiangazi kimoja, zawadi moja, tofauti miaka 51!

Na hapo tuna bahati kwamba kanda zilikuwa bado zinachezeka. Maana hivi vitu vinakufa. Ukifungua kopo la filamu ya zamani ukasikia harufu kali ya siki, ujue plastiki yake imeanza kuoza, na ikishaanza hairudi nyuma, unaweza kuichelewesha tu kwa kuiweka kwenye baridi. Wataalamu huweka kikaratasi ndani ya kopo, kikibadilika kutoka bluu kwenda kijani mpaka njano wanajua hali ni mbaya kiasi gani. Kanda za video na kaseti nazo zina ugonjwa wao, gundi inayoshika ule unga wa sumaku inavuta unyevu na kuanza kunata kwenye mashine. Dawa yake utacheka: kanda inaokwa! Inawekwa kwenye joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, halafu unaicheza haraka kabla haijarudia hali yake.

Hata kanda ikiwa nzima, utaichezea wapi? Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Mashine kubwa za studio kama U-matic zilishaachwa kutengenezwa zamani, mafundi wanaozijua wanastaafu. Ndiyo maana mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta kufikia 2025 nyingi zitakuwa zimepotea. Tarehe hiyo imeshatupita, wadau. Na kwa filamu za kale zaidi hesabu imeshafungwa: utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya sinema karibu 11,000 zisizo na sauti zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu.

Kwa hiyo muda hautoshi, mashine hazitoshi, watu hawatoshi. Lazima mtu achague. Kopo lipi leo, lipi mwakani, lipi "tutaona". Anayechagua ni nani? Mwaka 2022 kulitoka matokeo ya sensa ya watunza nyaraka wa Marekani, na asilimia 84 ya waliojibu walikuwa wazungu. Sisemi kwamba mzungu hawezi kutunza kanda ya mweusi, la hasha, na mfano ninao. Kuna filamu fupi ya mwaka 1898 inaitwa Something Good – Negro Kiss, ya wachezaji wawili weusi, Saint Suttle na Gertie Brown, wanabusiana huku wanacheka. Enzi hizo weusi kwenye filamu walikuwa wanawekwa kama vikaragosi wa kuchekwa, kwa hiyo kuwaona wawili wanapendana kwa furaha ni kitu cha ajabu. Aliyekuwa na ile kanda mkononi ni mtunza filamu Dino Everett wa chuo kikuu cha USC, akahisi hiki si cha kawaida, akamtafuta profesa Allyson Nadia Field wa Chicago ambaye amebobea kwenye filamu za weusi. Huyo ndiye aliyefuatilia mpaka ikajulikana ni nini, na mwaka 2018 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Angalia ilivyokwenda: aliyeiona alijua kwamba hajui, na alijua nani wa kumuuliza. Vikopo vingapi vimepita mikononi mwa mtu asiyejua hata kwamba kuna cha kuuliza?

Kwa wenyeji asilia wa Marekani jambo ni zito zaidi, kwa sababu wao wakati mwingine hawataki kanda ionekane na kila mtu. Kuna sherehe zilizorekodiwa zamani na wageni ambazo kwa mila zao hazitazamwi ovyo, nyingine zina majira yake. Mwaka 2006 waliandika mwongozo wa jinsi taasisi zinavyopaswa kutunza vitu vyao. Chama kikuu cha watunza nyaraka wa Marekani kiliukubali rasmi mwaka 2018. Miaka 12! Ungekuwa na watu wao wa kutosha ndani ya ofisi hizo, nadhani isingechukua miaka yote hiyo.

Sasa tuje kwenye mshiko, maana ndipo penyewe. Kwa nini watu hao hawamo? Si kwamba wamekatazwa. Ni kwamba kuingia ni ghali. Njia ya kawaida ni kusoma digrii ya pili, kwa mfano ile ya New York University ambayo ni miaka miwili, au cheti cha mwaka mmoja pale jumba la makumbusho la George Eastman huko Rochester, ambako shule yao ilianza 1996. Halafu kila tangazo la kazi linataka "uzoefu". Uzoefu unaupata wapi? Kwenye fildi. Na fildi nyingi zimekuwa za bure: unakaa New York au Los Angeles miezi mitatu, unalipa chumba, unalipa basi, unakula, na mwisho unapewa barua ya shukrani. Anayeweza hilo ni mtoto wa wenye nazo. Wewe ambaye kila wiki nyumbani wanasubiri chochote kutoka kwako, unaenda kuuza duka.

Na usidhani sheria inawazuia. Mwaka 2011 vijana waliofanya kazi bure kwenye sinema ya Black Swan waliishitaki kampuni ya Fox Searchlight wakidai walikuwa wafanyakazi kama wengine. Mwaka 2013 jaji aliwapa haki, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikatengua na kuweka kipimo kipya: je, anayefaidika zaidi ni mwanafunzi au kampuni? Wizara ya kazi ikakifuata kipimo hicho mwaka 2018. Kwa maana nyingine, ukionekana "unajifunza", wanaweza kutokukulipa.

Kuna mama mmoja mweusi wa Philadelphia, Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi, ambaye watu wanapenda kumtaja kama mfano wa kujitolea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alirekodi habari za televisheni nyumbani kwake usiku na mchana, deki kadhaa kwa mpigo, mpaka alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda takriban 70,000! Vituo vyenyewe vya televisheni vilikuwa vimefuta au kutupa sehemu kubwa ya matangazo yao, kwa hiyo nyumba ya mama huyu ilikuwa na vitu ambavyo wenye navyo hawakuwa navyo. Familia ikazitoa kwa Internet Archive ya California, zikasafirishwa kwa makontena. Kwenye uhamishaji hakuna mkato, kanda ya saa moja inachukua saa moja kuchezwa. Hata kama kila kanda ingekuwa ya saa moja tu (nyingi ni ndefu zaidi), mashine moja ingehitaji kucheza bila kulala kwa miaka karibu 8.

Sawa, mama shujaa. Lakini watu wakimtaja huwa wanaruka kipande kimoja: aliolewa kwenye familia yenye mali, na alinunua hisa za Apple mapema. Alikuwa na uwezo wa kufanya kazi ya taifa bila mshahara. Kwa kila Marion mmoja, mkutubi mweusi asiye na hisa za Apple alikuwa na wazo hilo hilo akashindwa kununua hata kanda tupu.

Ndipo inapoingia AMIA, chama cha kimataifa cha watunza filamu na video chenye makao yake Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 walianzisha programu yao inayoitwa Pathways, ikitanguliwa na nyingine ya namna hiyo. Anayechaguliwa hapewi cheti na makofi tu. Anapangiwa fildi ndani ya taasisi yenye makusanyo halisi, ANALIPWA, anapewa mtu mzoefu wa kumlea kikazi, na anapata mafunzo ya ziada pamoja na kuunganishwa na watu wa fani. Hilo la kuunganishwa tusilidharau, manake fani ni ndogo, watu wanajuana kwa majina, na nafasi nyingi unazisikia kwa mtu kabla hazijatangazwa. Jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi lililofunguliwa Washington mwaka 2016 nalo limekuwa na nafasi zake za kulipwa, kwa fedha alizotoa tajiri Robert F. Smith, ambapo vijana wanajifunza kwa kuhamisha picha na filamu za familia za kawaida kwenda kwenye kompyuta. Harusi, ubatizo, watoto wanaendesha baiskeli. Mimi hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna studio iliyokuwa inazipiga.

Lakini kuna tatizo, na ukiomba bila kulijua utapoteza muda wako. Sehemu ya fedha za Pathways ilitoka serikalini, kwenye Taasisi ya Huduma za Makumbusho na Maktaba, IMLS kwa kifupi. Machi 2025 Rais Trump alisaini agizo la kuipunguza taasisi hiyo mpaka kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inaruhusu, na Aprili ruzuku nyingi zikafutwa nchi nzima. Majimbo yakaenda mahakamani, na Novemba 2025 jaji wa Rhode Island akaamua kwamba hatua hizo zilivunja sheria, ruzuku zikaamriwa kurudishwa. Mlango uliofunguliwa kwa fedha za serikali unaweza kufungwa kwa saini moja. Tajiri naye anaweza kuchoka. Wanaotaka programu hizi zidumu wanasema fildi ya kulipwa iwe ndani ya bajeti ya kawaida ya taasisi, kama bili ya umeme. Nakubaliana nao.

Kama dakika zako za kafe zinakaribia kwisha, nakili haya. Kazi za kulipwa ndani ya Marekani zinahitaji uwe na haki ya kufanya kazi kule, kwa hiyo nafasi hizi zinamfaa zaidi binamu yako aliyeko Minneapolis au Columbus anayehangaika na masomo. Mtumie habari hii. Kwenye tangazo lolote asome tarehe kwanza, maana yanayozagaa mtandaoni mengine ni ya miaka iliyopita. Pia aangalie kiasi cha malipo kimeandikwa kwa saa au kwa kipindi chote, na nauli na pango ni juu ya nani.

Kwa aliyeko mbali, kuna Home Movie Day iliyoanza 2002, siku ambayo watu wa mtaa wanaleta filamu zao za nyumbani zinakaguliwa na kuonyeshwa, na imeshafanyika nchi nyingi. Kuna pia Community Archiving Workshop, kundi lililotokana na mikutano ya AMIA, ambalo linafundisha jinsi watu wasio wataalamu wanavyoweza kukagua na kuorodhesha lundo la kanda kwa siku moja, na mwongozo wao unapatikana bure. Unahitaji meza, kalamu, glavu na daftari. Kila kanda unaiandikia: ni ya aina gani, ina urefu gani, lebo inasemaje, ina ukungu au haina, nani yumo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na mara nyingi anayeweza kujibu ni bibi wa jirani.