Unataka Kupanda Ndege Ndogo na Paka Wako Kutoka Kisii? Soma Hii Kwanza

Wikendi ikifika Gusii, chopa zinapitanga juu kama boda. Kuna mazishi Nyamira, kuna harambee Ogembo, kuna mkutano Keroka, na waheshimiwa hawana taimu ya kukaa kwa jam ya Mai Mahiu. Huku chini wewe una swali lako tofauti kabisa. Umepata kazi Nairobi, kuna nafasi kwa ndege ya kukodi inayotoka Suneka, na hutaki kuacha nyau wako nyuma. Anaweza kupanda?

Jibu fupi ni ndio. Jibu refu ndilo litakuokolea paka, doh, na pengine maisha ya kila msee aliye ndani ya hiyo ndege. Kwa sababu watu wengi huogopa vitu visivyofaa. Wanaogopa baridi, urefu, na vile ndege hurushwarushwa na hewa. Lakini kitu hatari zaidi kwa ndege ndogo ni paka ambaye hajafungiwa.

Uliza Khartoum

Februari 2021, ndege ya abiria ya shirika la Tarco ilitoka Khartoum, Sudan, ikielekea Doha, Qatar. Kama nusu saa hivi baada ya kupaa, paka ambaye hakuna mtu alijua yuko ndani akatokea kwa chumba cha marubani. Akaingiwa na kiwewe, akamrukia rubani. Wakajaribu kumshika, wapi! Mwishowe ndege ikageuza ikarudi Khartoum. Iliaminika aliingia ndege ikiwa imeegeshwa chini.

Sasa fikiria vizuri. Hiyo ni ndege kubwa, ina marubani wawili na chumba chao kina mlango. Njoo kwa Cessna 172. Viti ni vinne, hakuna ukuta, goti lako karibu ligonge kiti cha rubani. Cessna Caravan ni kubwa kiasi, inabeba abiria kama 12, lakini hata hiyo imeruhusiwa kuendeshwa na rubani mmoja pekee.

Paka akishtuka hukimbilia wapi? Mahali pa chini, penye giza, pembamba. Kwa keja ni chini ya kitanda ama nyuma ya friji. Kwa ndege ndogo, mahali kama hapo ni kwenye miguu ya rubani. Na hapo ndipo kuna pedali mbili za kugeuza usukani wa mkia, na breki za magurudumu ziko juu ya pedali hizohizo. Wakati wa kupaa na kutua, rubani anazitumia kuweka pua ya ndege sawa, hasa upepo ukipiga kutoka kando. Paka wa kilo nne akijibana chini ya pedali moja wakati mnatua, hiyo si stori ya kuchekesha TikTok. Hiyo ni ngori.

Kwa hivyo kila kitu kinachofuata hapa kinarudi kwa sheria moja: paka hatoki kwa kasha lake kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa mahali unaenda.

Unapandia wapi, na doh inaendaje

Uwanja mdogo wa ndege wa Kisii uko Suneka, kilomita chache tu kutoka mjini ukifuata barabara ya Migori. Huko ndiko ndege za kukodi na chopa hutua. Ukitoka Nyamira, unashuka Kisii kwanza halafu unaenda Suneka. Njia ingine ni kwenda Kisumu kupitia Oyugis, Sondu na Ahero, zaidi ya kilomita 100, ukapande ndege kubwa za ratiba. Upande wa Nairobi, makao ya ndege ndogo ni Wilson.

Kutoka Suneka hadi Wilson, ukipiga laini moja kwa moja, ni kama kilomita 240. Caravan huenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa, so mko hewani chini ya saa moja. Mathree ya kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu ni zaidi ya kilomita 300, na ni masaa kama sita barabara ikiwa fiti. Kwa paka anayechukia safari, hiyo tofauti ya masaa si mchezo.

Lakini ndege ya kukodi unalipia ndege nzima, si kiti. Na mara nyingi unalipia pia ikirudi tupu. Ndio maana watu hujipanga mbogi wakagawana bei. Ujanja ni kuuliza kama kuna ndege imeleta watu na inarudi bila abiria, hapo unaweza kuongea bei vizuri.

Cha muhimu: taja paka kwa simu ya kwanza, kabla ya kutuma hata shilingi. Mwenye ndege anaweza kukataa, na kisheria rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu safari yake. Ukimficha paka kwa bag halafu aanze kulia mkiwa kwa uwanja, utaachwa hapo na bag yako. Uliza pia wenzako wa safari. Kuna mtu akikaa karibu na manyoya ya paka kifua kinabana, na juu hewani hakuna mahali pa kushukia.

Halafu kuna uzito. Kampuni za ndege ndogo pale Wilson mara nyingi hukupa kilo 15 za mzigo, pamoja na ule wa mkononi. Paka kilo nne, kasha kilo mbili, umebaki na tisa. Mathe akikuletea mkungu wa ndizi na kinyago cha mawe ya Tabaka, hapo chagua. Na usidanganye kilo. Kwa ndege ndogo hata abiria hupimwa kwa mizani, kwa sababu rubani anapiga hesabu ya uzito wote na mahali umekaa.

Hewa ya juu: paka wa Gusii ako mbele

Hapa kuna habari njema. Kisii mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari, karibu futi 5,600. Nyamira na Keroka ziko juu zaidi. Ndege kubwa za abiria hujazwa hewa ndani ili mwili wako uhisi kama uko futi zisizozidi 8,000. Maanake paka aliyelelewa Gusii hulala kila siku kwa hewa isiyo mbali sana na ile ya ndani ya ndege kubwa.

Lakini Caravan na Cessna 172 hazijazwi hewa hivyo. Hewa ya nje ndiyo ya ndani. Na ili mfike Nairobi lazima mvuke Mau, ambayo inafika kama mita 3,000, so mtapita futi 10,000. Paka mzima wa afya atavumilia kwa hiyo saa moja. Paka mzee, mwenye shida ya moyo au mapafu, ama wale wa pua bapa kama Persian, usimpeleke bila neno la daktari wa mifugo. Mwenye mafua au maambukizi ya masikio pia abaki nyumbani, kwa sababu wakati wa kushuka masikio yake hayatafunguka vizuri na atasikia uchungu mbaya.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kila futi 1,000 unazopanda, joto linashuka kama digrii mbili. Kisii ikiwa na digrii 22, kule juu ya Mau nje ni kama 10. Beba leso au blanketi ndogo. Na kasha likae ndani na watu. Caravan nyingi zina sanduku la mizigo chini ya tumbo, hilo ni la mabegi, si la kiumbe anayepumua.

Panga safari asubuhi. Mchana Gusii jua linapasha milima, unyevu wa Ziwa Victoria unapanda, na kufikia alasiri unajua vile huwa: mawingu meusi, radi, wakati mwingine mvua ya mawe. Asubuhi hewa imetulia, na hakuna mtu atatapika, paka akiwemo.

Wiki mbili kabla ya safari

1. Tafuta kasha la plastiki ngumu lenye matundu ya hewa. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya ndege duniani ni rahisi: paka aweze kusimama, kugeuka na kulala akijinyoosha. Carton ya mkate haifai. Akikojoa mara moja inalowa, akikwaruza mara mbili ametoka. Kiondo pia zii.

2. Mzoeshe. Acha kasha wazi kwa sebule, mwekee omena ndani, aingie mwenyewe. Akizoea, mfungie dakika chache. Baadaye mpeleke na mathree hadi Keroka na urudi, asikie kelele na mtikisiko akiwa kwa kasha.

3. Apigwe sindano ya kichaa cha mbwa na ubebe kadi. Ndio, paka pia hupata na hueneza huo ugonjwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, mnyama ama binadamu. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030. Ukiwa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, mwambie daktari unasafiri na paka, amcheki na akuandikie barua ya afya.

4. Usimpe dawa kiholela. Kuna watu humpa paka Panadol ati atulie. Tafadhali. Tembe moja ya Panadol inaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Dawa za usingizi nazo hushusha presha na kumfanya ashindwe kujishikilia, na kule juu hewa ni nyepesi. Daktari wa mifugo pekee ndiye wa kuamua hapo.

5. Siku ya safari, mpe chakula kidogo masaa manne hadi sita kabla ya kupaa. Maji sawa.

Siku yenyewe

Fika ukiwa umeshamfungia. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba, ukiwa nyumbani, si uwanjani. Funga mlango wa kasha na vijikamba vya plastiki. Tandika gazeti kuukuu au pampers chini. Mahali penye ukaguzi wa mashine, paka hapitishwi kwa eksirei. Kasha tupu ndilo hupita. Omba chumba kilichofungwa kabla ya kumtoa, na usifungue ukiwa nje karibu na ndege. Panga la ndege likizunguka, huwezi hata kuliona vizuri.

Ndani, kasha likae kiti cha nyuma, lifungwe na mkanda wa kiti, lifunikwe nusu na leso. Kamwe si kiti cha mbele. Wewe utapewa hedifoni, yeye hatapewa, na paka husikia sauti za juu mara kadhaa kuliko sisi. Atalia. Pengine safari yote. Ongea naye ukipenda, lakini usifungue. Huruma yako ya dakika mbili ndiyo hutoa paka kwa kasha.

Na akitoka? Usivue mkanda kumkimbiza. Mwambie rubani mara moja, kwa sauti ya kawaida. Mtu wa karibu azibe njia ya kwenda miguuni pa rubani na bag au jaketi. Paka akijibana mahali, mfunike na leso nzito na umrudishe. Rubani aachwe aendeshe ndege. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, mkishuka aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hosi, hata kama kadi ya chanjo iko.

Ukifika keja mpya, mfungie chumba kimoja na maji, chakula na mchanga wake. Usimtoe nje kwa wiki mbili au zaidi. Paka hupenda mahali kuliko safari, na akitoka mapema atajaribu kurudi alikozoea.

Hiyo ndiyo inakuleta kwa swali la mwisho, na ujibu bila kujidanganya: paka anahitaji kwenda? Kama unahama kabisa na kiti kipo, ndege ndogo ya asubuhi yenye kasha zuri inaweza kumchosha kidogo kuliko masaa sita ya mathree. Kama doh ya kukodi haipo, kasha hilohilo litamfikisha Nairobi kwa barabara akiwa salama. Lakini kama unaenda siku mbili kurusha picha Instagram ukiwa na nyau mawinguni, mwachie jirani ufunguo na omena. Paka hatakumiss sana, na rubani atakushukuru.