Je, Twiga Aruka Vyumba Vingapi?

Msomaji mpenzi, siku ya gulio, ukipita Nyakahura au Rulenge, huenda ukawakuta wavulana wawili wamechuchumaa chini ya mti. Wamechimba vishimo mchangani, wametia kokoto, nao wanagombana. Mmoja asema, "Umeanza kuhesabu vibaya!" Mwenziwe ajibu, "Ndivyo nilivyofundishwa!" Hapo mzee mmoja anayepita asimama, atazama, na kwa maneno mawili tu aikata kesi. Wavulana wacheka, mchezo waendelea.

Je, ingekuwaje kama mzee yule asingepita?

Usidhani kuwa swali hili ni la watoto tu. Ugomvi kama huo huo umewashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa miaka zaidi ya mia, na mpaka leo hawajapata mzee wa kuwaamua. Sikiliza habari yake.

Katika nchi ya Hispania alikuwako mfalme jina lake Alfonso wa Kumi, ambaye watu walimwita Mwenye Hekima. Mwaka 1283 kitabu chake kikubwa cha michezo kilimalizika katika mji wa Sevilla. Mwaka uliofuata mfalme akafa, lakini kitabu kipo hata leo, kimehifadhiwa katika monasteri ya Escorial, karibu na Madrid. Ndani yake mna picha nzuri za watu wakicheza, na maelezo ya sataranji, ule mchezo wa ubao ambao kila upande humlinda mfalme wake.

Sataranji ya kawaida ina vyumba 64. Lakini kitabu hicho chaeleza pia Sataranji Kubwa, yenye vyumba 12 kwa 12, yaani 144. Na askari wake ni akina nani? Ni wanyama! Yumo simba, yumo twiga, yumo mamba, yumo mnyama wa pembe moja anayefanana na kifaru, na yumo ndege mkubwa wa hadithi, ambaye husemwa kuwa aweza kumbeba tembo. Sisi tunaokaa jirani na pori la Burigi tungejiona tuko nyumbani kabisa katika mchezo huo.

Basi, miaka ilipita, watu wakaacha kuucheza. Hakubaki hata mmoja aliyefundishwa na baba yake. Kikabaki kitabu peke yake. Mwingereza mmoja, H. J. R. Murray, aliyetoa historia kubwa ya sataranji mwaka 1913, aliyasoma maneno yale ya kale akaeleza jinsi kila mnyama anavyokwenda. Waliomfuata wakasoma maneno yale yale, wakasema: La, twiga haruki hivyo!

Kisa cha ugomvi ni nini? Ni jambo dogo sana. Kitabu chataja hesabu ya vyumba. Lakini hesabu ianze wapi? Je, chumba alichosimama twiga ndicho cha kwanza, au cha kwanza ni kile kilicho mbele yake? Ukihesabu hivi, twiga afika hapa. Ukihesabu vile, afika kwingine, na mchezo wote wageuka. Mwandishi wa mfalme hakulieleza jambo hilo wazi. Bila shaka aliona halina haja ya kuelezwa, maana siku zake kila mchezaji alilijua.

Hapo ndipo penye fundisho letu, ndugu msomaji. Jambo gumu watu hulifundisha kwa bidii, kwa hiyo hudumu. Linalopotea ni lile rahisi ambalo kila mtu analijua, na kwa sababu hiyo hakuna anayelisema.

Nikupe mfano mwingine, wenye furaha. Kati ya mwaka 1922 na 1934, Mwingereza Leonard Woolley alichimba magofu ya mji wa Ur, katika nchi ya Iraki. Wengi husema ndiyo ile Ur ya Wakaldayo tunayoisoma katika Maandiko, alikotoka Abrahamu. Katika makaburi ya zamani sana alikuta mbao za mchezo zenye vyumba 20, zimepambwa vizuri. Lakini unachezwaje? Wafu hawasemi.

Baadaye mtaalamu mmoja wa jumba la makumbusho la London, Irving Finkel, alisoma kigae cha udongo kilichoandikwa Babeli mwaka 177 kabla ya Kristo. Kumbe kilieleza kanuni za mchezo wa namna hiyo! Tena hakutosheka na kigae. Alisikia kwamba Wayahudi wa Cochin, huko India, walikuwa na mchezo unaofanana na huo. Wengi wao walikuwa wamehamia Israeli. Akatafutwa, akapatikana mama mmoja mzee aliyeucheza utotoni, naye akaeleza. Kumbukumbu ya mama mzee ikahesabiwa pamoja na maandishi ya Babeli!

Sasa turudi nyumbani. Bao letu lina safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Kete ni 64. Wa pwani huliita bao, Wasukuma isolo, Waganda omweso. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda utasikia igisoro, na huko Burundi ikibuguzo. Wote hao ni ndugu, lakini kila mmoja ana desturi zake. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi, naye huziingiza moja moja. Katika omweso kete zote 64 huwa ubaoni tangu mwanzo. Tena katika omweso mchezaji aweza kurudi nyuma ili ateke kete za mwenzake, lakini akianzia tu katika mashimo manne ya mkono wa kushoto. Asiyejua hilo atamwita mwenzake mwizi, kumbe ameonewa.

Nchi yetu ya Ngara na Biharamulo iko njia panda ya michezo hiyo yote. Babu yako alijifunza upi? Alikatazwa nini na alikubaliwa nini? Usijibu haraka kwamba wajua. Kaa naye jioni, mchimbe mashimo, mcheze. Chukua daftari la shule la mmoja wa watoto, mwulize hivi:

Mchezo huitwaje kwa lugha ya nyumbani? Mwanzoni kete ngapi hukaa katika kila shimo? Nani huanza? Kete hutembea upande gani, na mashimo gani huruhusu kurudi? Kete ya kwanza hutiwa katika shimo gani? Shimo lenye kete moja laweza kuchezwa? Kete zilizotekwa hupandwa kuanzia wapi? Mshindi hujulikanaje? Na nani hakuruhusiwa kucheza, na kwa nini?

Andika jibu hata likionekana la kipumbavu. Andika hasa lile ambalo babu atalicheka na kusema, "Hilo nalo la kuuliza? Kila mtu anajua!" Hilo ndilo twiga wako. Chora pia mashimo, uweke mishale, maana mkono huonyesha kile ambacho ulimi husahau. Kisha mpe bibi asikilize, asahihishe.

Kazi hiyo haina gharama. Yataka jioni mbili tatu na penseli. Mfalme Alfonso alikuwa na waandishi na wachoraji, na bado likamponyoka neno moja. Wewe unacho alichokikosa Murray, yaani mzee aliye hai, aketiye barazani, anayeweza kuulizwa tena kesho.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Jioni hii usipite tu, mwamkie mzee, ukae.