Mapatano ya Mishahara ya Watumishi wa Umma: Ni Nani Alipaye?

Mtu akaaye Mji wa Kale, Mombasa, hawezi kuimaliza siku yake bila ya kazi ya watumishi wa umma. Taka za mtaa wake huzolewa kwa amri ya Serikali ya Kaunti. Mgonjwa wake hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani. Na mchele aupikao huenda ulishushwa Kilindini, katika bandari iliyo chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya tangu mwaka 1978. Watumishi hao wana vyama vyao, na vyama hivyo hupatana na waajiri juu ya mishahara. Wako wasemao kwamba mapatano hayo yanaimaliza hazina ya nchi. Wako pia wasemao kwamba pasipo mapatano mtumishi ataonewa. Yafaa kila mwananchi aelewe jambo hili, kwa maana fedha zinazobishaniwa ni zake.

MAPATANO NI NINI?

Mfagiaji mmoja peke yake hana nguvu ya kubishana na ofisi nzima. Kwa hiyo wafanya kazi huungana katika chama, nacho chama hukaa na mwajiri, wakasikilizana juu ya mshahara, saa za kazi, likizo na posho ya nyumba, kisha wakaandika mkataba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa mfanya kazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma, na yakipa chama haki ya kupatana na mwajiri. Kwa sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007, mkataba huo hupata nguvu ukiisha kusajiliwa mahakamani.

Hata hivyo, mwajiri wa umma si sawa na mwenye duka. Mwenye duka akiahidi mshahara asioweza kuulipa, hasara ni yake mwenyewe, na huenda duka likafungwa. Serikali haifungi mlango. Tena mkubwa atiaye sahihi halipi kutoka mfukoni mwake, na huenda siku ya kulipa ikafika yeye amekwisha ondoka. Kwa sababu hiyo Katiba, katika kifungu cha 230, iliweka Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo moja ya kazi zake ni kuzishauri serikali juu ya malipo ya watumishi wa umma, ili jumla yake isipite uwezo wa nchi. Na kanuni za fedha za mwaka 2015 zaagiza kwamba mishahara ya serikali ya kaunti isizidi 35 kwa mia ya mapato yake yote.

HESABU YAKE

Tufanye kwamba kaunti fulani ina wafanya kazi 1,000, na kila mmoja ameongezwa Sh. 2,000 kwa mwezi. Nyongeza hiyo yaonekana ndogo. Lakini ni Sh. 2,000,000 kila mwezi, na Sh. 24,000,000 kila mwaka. Na katika miaka mitano imekuwa Sh. 120,000,000. Fedha hizo hazina budi kutoka mahali: ama katika fungu liletwalo na Serikali Kuu, ama katika ushuru wa mchuuzi wa Marikiti na leseni ya mwenye duka, ama katika dawa na barabara ambazo hazitanunuliwa wala kutengenezwa.

Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni hii: mtu apataye Sh. 20,000, bei za vitu zikipanda kumi kwa mia na mshahara wake ukabaki pale pale, ni kama kwamba amekatwa mshahara, ijapokuwa hakuna aliyemwandikia barua ya kumkata. Mtumishi wa namna hiyo hutafuta kazi ya pili, au huacha kazi, au hugoma. Na hayo nayo yana gharama.

MOMBASA ILIYOYAONA

Kisiwa hiki kiliionja gharama hiyo zamani. Mwezi wa Julai 1939, vibarua wa Idara ya Kazi za Umma waligoma kwa sababu ya mshahara mdogo na kodi kubwa ya nyumba, na mgomo ukaenea mpaka bandarini. Tume iliundwa kuchunguza, lakini vita vikaingia na bei zikazidi kupanda. Tarehe 13 Januari 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata wa majumbani. Kwa zaidi ya siku kumi shughuli za kisiwa zilisimama. Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuzungumza na wagomaji. Wakarudi kazini, na baraza la Jaji Thacker likaongeza mishahara ya wengi. Lakini Chege Kibachia, aliyekiongoza chama chao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule na kuhamishiwa Baringo.

Katika miaka hiyo hapakuwa na njia iliyowekwa ya kusikilizana, na manung'uniko yalijikusanya mpaka yakapasuka. Makuli wa bandari walipogoma tena mwezi wa Machi 1955, Tom Mboya alikuja kuwasaidia kupatana. Shauri lilipelekwa kwa waamuzi, na mishahara ikaongezwa.

AHADI ISIYOTIMIZWA

Lakini kuwa na mkataba peke yake hakutoshi. Mwezi wa Juni 2013 chama cha madaktari na Serikali walitia sahihi mkataba ulioahidi nyongeza kubwa. Miaka ikapita bila ya kutimizwa, na Serikali ikasema kwamba mkataba haukusajiliwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma nchi nzima, wakakaa nje siku 100, hata tarehe 14 Machi 2017. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, na moja ya madai yao ilikuwa malipo yaliyobaki ya mapatano ya 2017. Katika siku hizo mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Asiye na fedha alimrudisha mgonjwa wake nyumbani. Gharama hiyo haiandikwi katika kitabu cha hazina, lakini imelipwa.

LIFAALO KUFANYWA

Kwa hiyo swali si kama watumishi wa umma wapatane na waajiri wao au wasipatane. Swali ni kama hesabu imefanywa kabla ya kutia sahihi, na kama neno lililotiwa sahihi litatimizwa. Chama kikionyeshwa mapato na matumizi kwa ukweli, kitajua kiasi cha kudai. Mwajiri akijua kwamba hana budi kulipa, ataahidi kile alicho nacho. Naye mwananchi ana nafasi yake: sheria yaitaka kaunti isikilize maoni ya watu kabla ya kupitisha bajeti. Ahudhurie, aulize mishahara yachukua kiasi gani, na ni kazi gani ifanywayo kwa mishahara hiyo.

Wazee walisema kwamba ahadi ni deni. Deni la serikali hulipwa na wananchi wote, na mgonjwa naye ni mmoja wao.