Hodi ya Simu: Picha za Nyumbani Zipite Mkononi, Zisizunguke Dunia



Alasiri moja ya Mfungo Mosi uliopita, mwezi ambao huku kwetu pwani ya kusini huwa na harusi kila upande, mama mmoja wa Msambweni alinijia barazani. Simu yake aliishika kama aliyeshika kaa la moto. Bintiye alikuwa ameolewa wiki ile ile. Usiku wa kupamba, wanawake walikusanyika peke yao, na bibi harusi akaonyeshwa kwa nywele zake, hina yake na dhahabu zake, kama ilivyo ada. Shangazi mmoja kutoka Ukunda akapiga picha. Dada yake, aliyeketi naye mkeka mmoja, akaziomba. Shangazi akaona njia nyepesi ni kuzitia katika kundi la WhatsApp la ukoo.

Kundi lile lina watu zaidi ya mia, wake kwa waume, wengine hata hawajuani. Kabla ya Isha ya siku ya pili, picha zilikuwa zimevuka kivuko cha Likoni na kuingia katika simu za vijana wa Mombasa wasiomjua binti yule wala babake.

“Maalim,” akaniambia, “shangazi yake hakukusudia ubaya. Alitaka tu kumpa nduguye picha. Sasa mwanangu hatoki chumbani, na mumewe hasemi neno.”

“Mama,” nikamjibu, “la kuzirudisha picha sina. Lakini keti, tutazame mlango ulioachwa wazi, ili usiachwe tena.”

Tuanze na ajabu ya jambo lenyewe. Simu mbili zilikuwa juu ya mkeka mmoja, hazikuachana hata dhiraa mbili. Hata hivyo, picha ilitoka simu ya kwanza ikapanda mnarani, ikashika njia ya nyaya hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni ya kigeni, kisha ikarudi safari ile ile hadi simu ya pili. Bando lililipiwa mara mbili, kwa anayetuma na kwa anayepokea. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, na mtandao wa Afrika Mashariki yote ukalegea. Siku kama ile, mtu hushindwa kumtumia picha jirani aliyeketi ubavuni mwake kwa sababu waya umekatika mbali baharini.

Haki isemwe: WhatsApp huufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri, asiyehusika asiusome njiani. Aibu ya binti yule haikutokea njiani. Ilitokea mwisho wa safari, palipokuwa na milango zaidi ya mia iliyofunguliwa kwa mpigo mmoja.

Ipo njia nyingine, nayo imo tayari ndani ya simu nyingi mlizo nazo. Simu mbili zilizo karibu zaweza kupeana picha, sauti au video moja kwa moja, bila mnara, bila intaneti na bila senti ya bando. Bluetooth hufanya kazi ya kubisha: simu hunong’onezana zikajuana. Zikishajuana, Wi-Fi hubeba mzigo, kwa kuwa nguvu zake ni kubwa zaidi. Wi-Fi ya aina hii, inayounganisha kifaa kwa kifaa bila kisanduku cha kati, ilianza kupewa ithibati mwaka 2010. Tofauti ya kasi si ndogo. Video ya nikahi yenye gigabaiti 2 ikipitishwa kwa Bluetooth peke yake yaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Kwa Wi-Fi ni dakika chache. Tena picha hufika kama ilivyopigwa, haipunguzwi ubora wake kama inavyozoeleka ikipita katika makundi.

Mwenye simu ya Android atafute Quick Share. Zamani iliitwa Nearby Share, iliyoanza mwaka 2020; Januari 2024 ikatangazwa kuunganishwa na ile ya Samsung kwa jina hili moja. Mwenye iPhone anayo AirDrop, iliyofika katika simu hizo mwaka 2013. Simu zikiwa za jamii tofauti, au mtu akitaka kupitisha mafaili kutoka simu hadi kompyuta, ipo programu ya bure iitwayo LocalSend. Hii hutaka vifaa vyote viwe katika Wi-Fi moja, nayo huyafunga mafaili kwa siri yanapopita. Pasipo Wi-Fi nyumbani, simu moja yaweza kufungua hotspoti na nyingine ikajiunga. Hapo zima data kwanza, la sivyo mgeni wako atakunywa bando lako bila kujua.

Vijana wetu wa Ukunda na Diani wamezoea zaidi Xender na SHAREit. Sitawagombeza, ila wajue haya. Juni 2020 serikali ya India ilizipiga marufuku zote mbili, katika orodha ya programu 59, kwa hoja ya usalama. Februari 2021 watafiti wa Trend Micro walitangaza kuwa SHAREit ya Android ina nyufa zinazoweza kumpa mwizi njia ya kufikia data za mwenye simu. Ikiwa simu yako ina njia yake yenyewe, huna haja ya kumwita mpagazi wa nje.

Sasa tuje kwenye hodi. Sisi tumelelewa kutoingia nyumba ya mtu bila kubisha na kuitikiwa, na adabu hiyo imefundishwa wazi katika Surat An-Nur. Simu nayo ina hodi yake. Mtu akikutumia faili, simu hukuuliza: wapokea au wakataa? Lakini kabla ya swali hilo lipo jingine ambalo wengi hawajawahi kulijibu: ni nani aruhusiwe hata kufika mlangoni pako? Ingia katika mipangilio ya Quick Share au AirDrop uangalie. Ukikuta imeandikwa kwamba kila mtu anaweza kukuona, basi ukiwa ndani ya feri ya Likoni, katikati ya umati, mtu usiyemjua anaweza kuliona jina la simu yako na kukubishia. AirDrop huonyesha taswira ya picha kabla hujakubali, na wako wanawake katika nchi mbalimbali walioletewa uchafu kwa njia hiyo. Apple wenyewe, Desemba 2022, walibadilisha hali ya kila mtu ikawa ya dakika 10 tu, kisha hujifunga.

Basi fungeni mlango huo. Chagueni watu mliowahifadhi katika orodha ya majina, na mfungue kwa kila mtu pale tu mnapopokea, kisha mfunge. Na jina la simu lisiwe jina kamili la binti. Liite chochote usichojali kionwe na mpita njia.

Hodi iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, haibishwi kwenye simu. Hubishwa kwa yule aliye ndani ya picha. Shangazi aliuliza nani anataka picha. Hakumuuliza bibi harusi nani azipate. Picha ya mtu ni amana, na kufika kwake mkononi mwako hakukufanyi wewe kuwa mwenyewe. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa serikali inaihesabu idhini kwa mamilioni, sisi wa ukoo mmoja tusiifanye jambo la mzaha.

Wala msidhani kwamba kupitisha mkononi kunatosha peke yake. Aliyepokea anaweza kutuma mbele. Tena picha inayopitishwa kwa asili yake huweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Faida ya njia hii ni kwamba unamwona unayempa. Unamtazama usoni, unamwambia, “Hizi ni zako wewe, zisitoke,” naye anaitikia mbele ya mashahidi. Katika kundi la watu mia, hakuna unayeweza kumwambia hivyo.

Miezi miwili baadaye ilikuwapo harusi nyingine katika ukoo ule ule, huko Gazi. Mama yule alisimama mlangoni usiku wa kupamba na kikapu cha ukili, akakusanya simu zote, akaibakisha moja ya mpwa wake wa kike. Sherehe ilipokwisha, waliketi watano, wakaziwasha simu zao, na bibi harusi mwenyewe akachagua picha ipi iende kwa nani. Hawakuwa na bando, wala hawakulihitaji.

Bintiye alihudhuria. Alikaa karibu na mlango, na alipoulizwa kama anataka kupigwa picha, akatikisa kichwa. Akaachwa.

Mola azisitiri nyumba zetu na za jirani zetu. Amin.