Mafua Yasiyokwisha: Kosa Si la Kimio

Kila vumbi la kiangazi linapotanda kutoka Modogashe hadi Dadaab, wasomaji wa Garissa huniandikia swali lile lile: mbona mafua yamekuwa ya mwaka mzima, paji la uso zito, na pua hainusi hata ubani uliofukizwa chumbani? Wengine wamekwisha kukatwa kimio, wengine wamechomwa moto pajini; nami sina subira tena na hao wajiitao matabibu, kwani kimio hakihusiani hata kidogo na mapango ya mifupa ya uso yakaamo maradhi haya, ilhali wembe wao umewamwaga damu watu hata wakafa.

Maradhi yakipita majuma 12, aghalabu kinacholeta taabu ni kinga ya mgonjwa mwenyewe. Utando wa pua, uchokozwapo na vumbi, ukungu au vijidudu, hutoa ishara zinazoita kutoka damuni chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, alizozipa jina Paul Ehrlich wa Ujerumani mwaka 1879 kwa kuwa hushika rangi ya eosini, na ambazo kazi yake mashuhuri ni kupambana na minyoo. Hapa minyoo haipo. Basi sumu za eosinofili huunguza utando wenyewe, na chembe zenyewe hupasuka zikatapanya nyuzi za DNA, kamasi ikanata kama ulimbo. Na ndani ya kamasi hiyo, ajabu isiyonichosha, protini ya chembe hizo huganda ikawa fuwele zenye ncha mbili, walizozieleza madaktari Charcot na Leyden katika karne ya 19, zikahesabiwa takataka tu, mpaka mwaka 2019 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walipodhihirisha katika panya kwamba fuwele hizo zaichochea kinga upya. Hivyo uvimbe huzaa uvimbe, na vinyama vikaota puani. (Wako pia wagonjwa ambao kwao nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, ndizo zilizotawala.)

Ndiyo sababu antibiotiki za kujinunulia hazifui dafu. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, si ya mto Tana yalivyo. Puliza steroidi kila siku kwa agizo la daktari. Matone ya kuzibua yasipite siku 5.

Lakini jicho likianza kutokeza nje, usingoje: Sudan, nchi kavu yenye joto kama yetu, madaktari walieleza tangu miaka ya 1960 ukungu wa Aspergillus uotao katika mapango hayo hata ukavamia tundu la jicho, na huo hutaka mpasuaji. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Garissa siku iyo hiyo.